Diskasi Hauawi na Joto la Kariakoo

Anayeingia kwenye duka la samaki wa mapambo jijini Dar es Salaam na kuulizia diskasi hutarajia moja kati ya majibu mawili, na wakati mwingine huyapata yote kutoka mdomo mmoja. La kwanza: "Kaka, huyo hawezi hapa, joto litamuua." La pili, mteja akionekana mfuko wake hauna shida: "Anawezekana, bosi, ila lazima uwe na hita, mtungi wa gesi, taa maalumu na mashine ya kutoa chumvi kwenye maji." Ni samaki gani huyo anayekufa kwa joto, na wakati huohuo anatakiwa anunuliwe kifaa cha kupashia maji moto?

Hakuna anayeuliza, kwa kuwa majibu hayo yameshakuwa imani. Diskasi, yule samaki bapa wa duara mwenye rangi za kushangaza, anahesabiwa kuwa wa Ulaya na Marekani, au wa Masaki kwenye nyumba yenye kiyoyozi na jenereta. Mpangaji wa ghorofa ya tatu Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe, Kariakoo, anaambiwa abaki na samaki wa dhahabu kwenye bakuli. Dar ni joto mno, maji yake ni mabaya, umeme wake hauaminiki, na mimea hai ndani ya tangi ni ndoto ya kwenye picha.

Imani hiyo imesimama kichwa chini. Kwa hali ya hewa, mji huu unamfaa diskasi kuliko karibu kila mji wa Ulaya ambako vitabu vya kumfuga viliandikwa. Kinachomuua hapa ni ushauri wa nchi za baridi uliopakuliwa bandarini ukiwa mzimamzima, bila mtu kuuliza kipi kati ya hivyo kinahusu pwani ya Bahari ya Hindi na kipi hakihusu.

Joto kwanza. Chimbuko la diskasi wote, wa porini na wa kufugwa, ni bonde la mto Amazon. Johann Jakob Heckel wa Vienna ndiye aliyempa jina la kisayansi, Symphysodon discus, mwaka 1840, akitumia samaki waliokusanywa Brazili na Johann Natterer, Mwaustria aliyetembea nchi ile kati ya 1817 na 1835. Huko samaki hawa hujificha katikati ya mizizi na matawi ya misitu inayofurika, kwenye maji ya uvuguvugu, meusi kama chai ya rangi. Wafugaji wa leo hubishana juu ya mengi, lakini juu ya joto wanakubaliana: nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi. Maji yakikaa muda mrefu chini ya 26, diskasi anasusa chakula, rangi inafifia na kuwa nyeusinyeusi, kisha maradhi yanaanza.

Sasa tazama Dar. Kuanzia Januari hadi Machi, joto la mchana huwa nyuzi 31 au 32 na usiku hushuka hadi 25 hivi. Tangi lililowekwa sebuleni, mbali na dirisha la jua, hukaa katikati ya namba hizo bila mwenyewe kulipia hata senti. Mfugaji wa Berlin hulipia joto hilo kwenye bili ya umeme mwaka mzima.

Mwenye shaka aangalie pia samaki wanaouzwa duniani leo wanatoka wapi. Sehemu kubwa ya diskasi wa kufugwa, wale wekundu, wa bluu na wenye madoadoa ambao mtoni Amazon hawapo, wametoka mikononi mwa wazalishaji wa Bangkok, Penang na Singapore. Aina iliyotikisa soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, ile wanayoiita "damu ya njiwa", ilitokea Thailand kwa mfugaji Kitti Phanaitthi. Hiyo ni miji ya joto na unyevunyevu, yenye mvua za kumwaga na maghorofa yaliyobanana. Kama joto la aina hiyo lingekuwa sumu kwa diskasi, soko lenyewe lisingekuwepo.

Imani ina chembe moja ya ukweli nayo isifichwe. Kipupwe kinapoingia, kati ya Juni na Agosti, usiku wa Dar unaweza kushuka hadi nyuzi 19 au 18, na maji ya tangi yakafuata hadi 25 au chini yake. Hapo hita ya wati 200 yenye kujizima yenyewe ina kazi, kwa kipindi cha wiki kumi hivi, kisha inarudi kabatini. Muuzaji anayeiweka juu kabisa ya orodha ya manunuzi mwezi Februari anamuuzia mtu wa Tanga koti la theluji.

Kinachopungua kwenye maji ya moto ni oksijeni. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi kwa lita, na ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununuliwa hapa ni pampu ya hewa, ile ndogo inayounguruma kwenye kona, pamoja na chujio la sponji linaloendeshwa na hewa hiyohiyo. Sponji, kipande cha bomba la PVC na mpira mwembamba vinapatikana kwenye maduka ya vifaa ya Kariakoo na Gerezani bila kuagiza chochote kutoka nje. Vitabu vya nchi za baridi havilipigii kelele sana jambo hili. Wauzaji wa hapa nao hawalisemi, kwani hawana faida ya maana kwenye sponji.

Maji ndiyo kesi yenyewe, na hapo ndipo imani ya joto inapoficha makosa mengi.

Maji ya bomba ya katikati ya jiji hutoka kwa sehemu kubwa mto Ruvu, kupitia mitambo miwili ya mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA: Ruvu Chini, yenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu, lita milioni 196. Mto huo hupata maji yake kutoka milima ya Uluguru. Ni maji ya mto yaliyosafishwa na kutiwa klorini, na klorini hiyo huchoma mashavu ya samaki na kuua bakteria wema wa kwenye chujio. Dawa yake si chupa ya rangi ya bluu kutoka Ujerumani, ingawa chupa hiyo inafanya kazi. Ni pipa lililo wazi, pampu ya hewa ikitokota ndani yake usiku kucha, na asubuhi klorini imekwenda.

Baada ya hapo mwenye tangi hufanya kile ambacho watu wa pwani hupenda kufanya. Anakwenda ufukweni Jumapili, anachota mchanga mweupe, anaokota makombe na vipande vya matumbawe, anarudi kupamba. Tangi linapendeza. Baada ya majuma machache samaki wanaanza kuhema juujuu, mmoja analala ubavu, na jirani anatoa hukumu: "Si ulikatazwa, dada? Joto hilo."

Ukitaka kumjua muuaji, chukua kijiko cha mchanga ule, kikaushe, kiweke kwenye sahani na umwagie siki ya jikoni. Mchanga utatoa povu na kuchemka kama soda. Povu hilo ni chokaa ya makombe na matumbawe ikiyeyuka, na ndivyo inavyoyeyuka polepole ndani ya tangi, ikiyafanya maji kuwa magumu na kupandisha pH hadi 8 na kuendelea. Diskasi wa porini wamezoea maji laini sana yenye asidi. Wa kufugwa wana uvumilivu zaidi na wengi huishi vizuri hata kwenye pH ya 7 au zaidi kidogo. Lakini ugumu wa maji si hatari pekee. Hatari kubwa ni amonia, taka inayotokana na kinyesi na chakula kilichooza. Kwenye maji ya nyuzi 30 yenye pH ya 7, ni chini ya asilimia moja ya amonia yote iliyo katika umbo la sumu. pH ikifika 8, sehemu hiyo inapanda hadi asilimia 7 na ushei. Joto ni lilelile, samaki ni walewale, chakula ni kilekile. Kilichoongezeka ni makombe ya Kunduchi. Joto linachangia, kweli, kwa kuwa amonia huwa kali zaidi maji yakiwa ya moto, lakini kulitwika lawama yote ni kumwacha mhalifu akitembea.

Mchanga unaofaa ni ule wa mtoni wanaotumia mafundi ujenzi, uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe. Nao upimwe kwa siki. Ukinyamaza, ingiza.

Anayetaka maji laini zaidi ya yale ya bomba huambiwa anunue mtambo wa kuchuja chumvi, ambao hutupa lita kadhaa za maji kwa kila lita unayoipata. Katika mji unaopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, ushauri huo unachekesha. Jengo la Soko Kuu la Kariakoo, alilolichora Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, limevikwa paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, umbo linalokusanya maji ya mvua na kuyashusha katikati. Amuli aliiona mvua ya Dar kama mali nusu karne iliyopita. Wafugaji wa samaki bado wanaikimbia. Hesabu ni rahisi: mvua ya milimita 20 juu ya bati la mita 10 za mraba ni lita 200. Ya kwanza, inayosomba vumbi na masizi ya daladala, imwagwe. Inayofuata ikingwe kwenye mapipa yenye mifuniko, kisha ichanganywe na ya bomba nusu kwa nusu, kwa sababu maji ya mvua matupu hayana madini ya kutosha kuzuia pH isiyumbe. Mifuniko isisahaulike. Dar imeshapata milipuko ya dengue, mwaka 2014 na 2019, na mbu wanaoieneza huzaliana hasa kwenye vyombo vya maji yaliyotulia, kama pipa lililoachwa wazi. Wale wanaodai kwamba tangi la samaki lenyewe huzalisha mbu watulie: maji yake yanatembea, na kiluwiluwi akitokea ni kitafunwa.

Yapo maji ambayo kweli hayamfai diskasi, nayo ni ya visima vyenye chumvi. Tangu ukame wa 1997 jiji limechimba visima vingi, na kwenye maeneo yaliyo karibu na bahari, katikati ya mji pakiwemo, maji ya baadhi yake yana chumvi inayosikika ulimini. Kibaya zaidi ni ghorofa ambalo simtank yake hupokea maji ya bomba leo na ya kisima kesho, kulingana na mgao. Samaki anavumilia maji magumu kiasi. Maji yanayobadilika kila wiki humchosha. Mpangaji wa jengo la namna hiyo apime maji yake kwa karatasi za pH na za ugumu wa maji kabla ya kununua chochote, na akikuta ni magumu mno, asimlazimishe diskasi. Maji hayo ni karibu na yale wanayoyapenda samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo pH yake iko karibu na 9. Wazungu hununua chumvi maalumu za pakiti ili kuyatengeneza maji kama yale, ili wafuge akina Tropheus na Neolamprologus wa Kigoma.

Wanakwenda mbali zaidi. Kwenye madimbwi ya msimu ya pwani hii, yanayojaa wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi, huishi visamaki vidogo vya jamii ya Nothobranchius, vyekundu na vya bluu, ambavyo mayai yake husubiri ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi. N. guentheri ni wa Unguja. Wengine wameelezwa kisayansi kutoka kando ya Dar yenyewe. Kuna watu Ujerumani na Uholanzi wanaotunza tope hilo kwenye mifuko ya plastiki kabatini, wakalilowesha kwa tarehe waliyoipanga, wakatotolesha samaki wa bonde la Ruvu katikati ya theluji. Hao hawajawahi kuambiwa kwamba hali ya hewa yao haiwafai samaki wa Dar. Kwa nini Mtanzania mwenye hali ya hewa inayokaribiana na ya Amazon ndiye aambiwe haiwezekani?

Suala la mimea lina wapinzani wa pande mbili, na wote wana vitabu.

Upande mmoja wamo wapenzi wa matangi ya Kijapani. Takashi Amano, mpiga picha aliyeanzisha kampuni ya Aqua Design Amano mwaka 1982, aliionyesha dunia matangi yanayofanana na malisho ya milimani, na tangu hapo wengi wanaamini kwamba mimea haiishi bila mtungi wa hewa ukaa na taa kali. Kazi yake ilikuwa nzuri ajabu. Lakini mingi kati ya mimea ya zulia anayoipenda mtazamaji wa picha zile hustawi kwenye nyuzi 22 hadi 25, na ikiwekwa kwenye nyuzi 29 huyeyuka hata ukiifungulia mitungi mitatu. Hewa ukaa ikizidi, samaki ambao tayari wana oksijeni pungufu hukimbilia juu kuhema. Mwaka 1999 Mmarekani Diana Walstad alitoa kitabu kinachoonyesha njia nyingine: udongo wa kawaida chini, mchanga juu yake, mwanga wa wastani, na hewa ukaa itokane na bakteria wanaoozesha udongo huo. Njia hiyo haihitaji duka la gesi.

Mimea inayostahimili joto la diskasi ipo, na mingine ni ya Afrika hii. Anubias, mwenye majani magumu ya kijani kibichi, asili yake ni Afrika Magharibi. Hufungwa kwa uzi juu ya gogo na hakui kwa haraka, hivyo hasumbui. Vallisneria, majani marefu kama utepe, yumo hata kwenye maziwa yetu makuu. Echinodorus ametoka Amerika, nyumbani kwa diskasi. Ceratophyllum, ule mmea wa kuelea unaofanana na mkia wa paka, hunyonya taka kuliko wote na haudai hata mizizi ardhini. Taa ya LED ya wati 30 kwa saa nane inawatosha. Anayetaka kujichotea mimea kwenye mabwawa ya pembezoni mwa jiji ajihadhari na konokono: baadhi yao ndio wanaobeba kichocho.

Upande wa pili wamo walimu wa tangi tupu. Hawa husema diskasi anafugwa kwenye kioo kitupu, bila mchanga wala jani, ili kila punje ya kinyesi ionekane na kufyonzwa. Kwa mzalishaji, wana haki kamili. Vifaranga hulishwa mara nyingi kwa siku, na kabla ya hapo kuna tendo linalostahili kuonekana bila kizuizi: siku chache baada ya kutotolewa, vitoto hujibandika ubavuni mwa wazazi na kula ute wa ngozi yao. Mzazi mmoja akichoka, hujitikisa ghafla, na kundi zima huhamia kwa mwenzake. Tangi la kazi hiyo liwe tupu.

Lakini mtu wa Kariakoo anayetaka samaki sita wakubwa sebuleni si kiwanda cha Penang. Kwa samaki waliokwisha kufika sentimita 12 hivi, wanaolishwa mara mbili kwa siku, mimea ni msaidizi. Hunyonya amonia moja kwa moja kabla bakteria hawajaigusa, na humpa samaki huyu mwoga mahali pa kujificha ili asigonge kioo kila mlango unapofungwa. Walimu wa tangi tupu hujibu kwamba hata Amazon diskasi hakai kwenye bustani. Kweli, hukaa kwenye mizizi na matawi. Basi liwekwe gogo, na mimea ifungwe juu yake.

Hoja nzito kuliko zote si ya kitaalamu. Watu wanauliza: katika jiji ambalo Oktoba 2022 Ruvu ilipungua mpaka DAWASA ikatangaza mgao, ni haki kumwaga maji kwa ajili ya samaki wa urembo? Swali ni la haki. Wauzaji hulikwepa, lakini halipaswi kukwepwa. Tangi la lita 300 lenye mimea na samaki sita linahitaji kubadilishiwa lita 120 hivi kwa wiki, yaani ndoo sita za lita 20. Maji yanayotoka yamejaa mbolea, hayana sabuni wala chumvi. Yanamwagilia mchicha na maua ya kwenye makopo barazani, na yanayobaki yanasukuma choo. Choo kinachotumia lita nane kwa mara moja kitazitumia ndoo hizo kwa mara kumi na tano, maji ambayo kaya ingeyatumia vilevile, samaki wawepo au wasiwepo. Mwenye tangi anayemimina maji hayo kwenye karo ndiye anayefuja.

Umeme nao una hesabu. Taa ya wati 30 kwa saa nane na pampu ya wati 15 mchana na usiku ni uniti 0.6 kwa siku, kama uniti 18 kwa mwezi, nje ya wiki za hita. Aliye kwenye daraja nafuu la D1 la TANESCO, shirika la umeme, linaloishia uniti 75 kwa mwezi, ahesabu kwanza asije akavuka mstari kwa ajili ya samaki. Kuhusu kukatika, mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha, ulitoa somo: saa nne za giza haziui samaki kwa kukosa joto, kwani lita 300 za maji katika chumba cha nyuzi 28 haziendi popote. Zinaua kwa kukosa hewa, hasa usiku, wakati mimea yenyewe inapoacha kutoa oksijeni na kuanza kuitumia. Pampu ndogo ya hewa ya betri, au betri ya sola iliyounganishwa na pampu, ndiyo bima ya kweli. Inagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mtungi wa hewa ukaa.

Tangi lenyewe fundi vioo wa hapahapa analiweza. Kwa urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50, kioo kiwe cha milimita 10. Jambo la kumsimamia fundi ni silikoni: ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu ni sumu ndani ya maji, na mafundi wengi huitumia kwa kuwa ndiyo waliyo nayo kwenye begi. Likijaa maji, mchanga na kioo chake, tangi hilo hukaribia kilo 400. Tangu ghorofa liporomoke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, hakuna mpangaji anayepaswa kuona haya kumuuliza mwenye nyumba boriti zinapita wapi. Liwekwe likiegemea ukuta unaobeba, kamwe lisiwe katikati ya chumba.

Chakula ni sehemu ambayo Dar inaizidi Ulaya waziwazi. Wafugaji wakubwa duniani huwalisha diskasi moyo wa ng'ombe, na moyo unauzwa buchani asubuhi ukiwa bado na damu. Mafuta yote meupe na mishipa huondolewa, kwani samaki hawezi kuyayeyusha; nyama husagwa pamoja na kamba wachache waliomenywa na konzi ya mchicha uliochemshwa, hupakwa nyembamba ndani ya mifuko ya nailoni, hugandishwa, kisha huvunjwa kipande kwa kipande kama chokoleti. Kinachobaki bila kuliwa baada ya dakika kumi kifyonzwe kwa mpira. Anayeacha vipande vya moyo vioze chini ya tangi amerudisha amonia ile tuliyoiona kwenye makombe.

Na kuna kosa moja ambalo hata mji wa baridi haulisamehe: kununua tangi na samaki siku moja. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye chujio na mchanga, pungufu kidogo kwenye maji ya moto. Katika wiki hizo tangi liwe na mimea na chembe za chakula kinachooza tu. Samaki anayeingia kabla ya hapo anaoga sumu, na hakuna chupa ya dukani itakayofidia papara hiyo kwa uhakika.

Kwa wenye hofu ya mazingira, hofu yao ina msingi. Gugu maji lililolivamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 asili yake ni Amazon vilevile, na duniani kote lilisambazwa kwa sababu ya ua lake zuri. Kuingiza samaki hai nchini kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na anayehama nyumba asimwage samaki wala mimea kwenye mto Msimbazi au mtaro wa Jangwani. Awarudishe dukani au awape mfugaji mwingine.

Kinachobaki ni juu ya wauzaji. Badala ya kutaja vifaa, kila duka lingebandika kwenye kioo cha tangi karatasi moja yenye mambo manne: pH ya maji hayo, joto lake, yametoka bombani au kisimani, na tarehe samaki walipoingia. Diskasi aliyekaa dukani siku 14, anayekula akitazamwa, anayeogelea wima na mwenye macho maang'avu, anastahili bei yake hata ikiwa kubwa. Aliyeshuka uwanja wa ndege jana aachwe apumzike, na mteja aliyekuja bila tangi lililokomaa aambiwe kwa upole, "Mama, rudi baada ya wiki sita, nitakutunzia sita walio bora."